Pua Iliyoziba kwa Miaka: Yajue Haya Kabla ya Kuchomwa kwa Umeme



Simama mahali penye mwanga, shika kioo kidogo, inua ncha ya pua yako kwa kidole kisha utazame ndani. Pembeni mwa tundu, upande wa nje, utaona kitu cha rangi nyekundu au ya waridi, laini na chenye unyevu, kama ncha ya kidole cha mtoto. Wengi wakikiona hushtuka. Huenda kwa jirani na kusema: "Nimeota nyama puani." Jirani naye anamjua mtu aliyekwenda Bujumbura akachomwa kwa umeme akapona. Kuanzia hapo safari inapangwa. Posho ya mahindi inauzwa, mbuzi anauzwa, deni linachukuliwa.

Makala hii ni ya kusoma kabla hujauza kitu. Ulichokiona kwenye kioo si uvimbe mbaya. Kila mtu anacho, hata yule anayepumua vizuri. Swali la kujiuliza ni hili: je, nyama hiyo imevimba kupita kiasi, na kama imevimba, ni kwa sababu gani? Ukilijua jibu, huenda usihitaji kuchomwa kabisa. Na kama utahitaji, utajua ni kitu gani unachokubali kufanyiwa.

NYAMA HIZO ZINA KAZI GANI?

Ndani ya kila tundu la pua kuna mikunjo mitatu: wa juu, wa kati na wa chini. Kila mkunjo una mfupa mwembamba katikati, na juu ya mfupa kuna ngozi laini yenye mishipa mingi ya damu. Mkunjo wa chini ndio mkubwa kuliko yote, na ndio unaouona kwenye kioo. Kwenye karatasi za hospitali za Burundi na Kongo utakuta umeandikwa kwa Kifaransa "cornet", na wagonjwa wengi husema korne.

Kila siku mtu mzima huvuta hewa ipatayo lita 10,000. Hewa hiyo ina vumbi, ina vijidudu, asubuhi ni baridi na kiangazi ni kavu. Mikunjo ya pua huipasha joto, huitia unyevu na kukamata vumbi kabla hewa haijafika mapafuni. Kwa hiyo mikunjo hii si takataka ya kutupwa. Mtu aliyeondolewa mikunjo yote anaweza kubaki na pua kavu, yenye makoko na harufu mbaya, na ajabu yake ni kwamba bado atajisikia amezibwa ingawa tundu liko wazi.

Jua pia kwamba mikunjo hufanya kazi kwa zamu. Kwa saa chache upande wa kulia huvimba kidogo na wa kushoto hufunguka, kisha hubadilishana. Ukilala ubavu, tundu la upande wa chini huziba zaidi. Hali hiyo ni ya kawaida wala si ugonjwa.

KWA NINI HUVIMBA ZIKAKAA ZIMEVIMBA?

Sababu zinazojulikana ni hizi:

- Mzio. Mwili unakataa vumbi, wadudu wadogo wa kwenye godoro na blanketi, ukungu wa ukutani, manyoya ya wanyama au chavua ya maua. Dalili zake ni kupiga chafya mfululizo, kuwashwa pua na macho, na kamasi nyepesi kama maji.

- Moshi. Kuni mbichi, mbabula ya makaa ndani ya nyumba isiyo na dirisha, na sigara.

- Vumbi la kiangazi. Kuanzia Juni hadi Septemba barabara za udongo hukauka, na kila gari linalopita huacha wingu nyuma yake.

- Mimba. Baadhi ya akina mama huzibwa pua wakiwa na mimba. Hali hiyo huisha yenyewe, kwa kawaida ndani ya wiki mbili baada ya kujifungua. Mama huyo hahitaji kuchomwa.

- Ukuta wa katikati ya pua kupinda. Upande mmoja ukiwa mpana, mkunjo wa upande huo huongezeka kujaza nafasi.

- Dawa. Baadhi ya dawa za shinikizo la damu zinaweza kuziba pua. Usiziache mwenyewe, mwambie daktari.

- Matone ya pua yanayotumiwa muda mrefu. Haya tunayapa nafasi yake hapa chini, kwa sababu yanawapata watu wengi ambao hawajui.

MATONE YA PUA: RAFIKI WA SIKU TANO

Sokoni na katika maduka ya dawa zinauzwa chupa ndogo za matone au za kupuliza ambazo hufungua pua ndani ya dakika chache. Soma jina lililoandikwa kwa herufi ndogo. Kama ni ksilometazolini, oksimetazolini au nafazolini, basi ni dawa inayobana mishipa ya damu. Kwa mafua makali ni dawa nzuri, lakini isizidi siku 5, au 7 ikiwa ni lazima sana.

Ukizidisha, mishipa huizoea dawa. Dawa ikiisha nguvu, mikunjo huvimba kuliko mwanzo. Unatia tena. Baada ya miezi unajikuta huwezi kulala bila chupa chini ya mto, na unasema: "Ugonjwa wangu umekuwa mkubwa." Kumbe ugonjwa sasa ni dawa yenyewe.

Kama hali yako ndiyo hii, njia ya kutoka ipo. Acha dawa kwanza katika tundu moja, uendelee na la pili. Tundu uliloacha likishatulia, acha na la pili. Siku za mwanzo zitakuwa ngumu, na usiku utalala mdomo wazi. Kwa watu wengi uvimbe hupungua ndani ya wiki moja hadi mbili. Mhudumu wa kituo cha afya anaweza kukusaidia kwa dawa nyingine ya kupuliza inayopunguza uvimbe bila kuleta mazoea.

Matone haya asipewe mtoto mdogo. Mtu mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa moyo asiyatumie bila kuuliza.

SI KILA "NYAMA ZA PUA" NI UGONJWA MMOJA

Watu hutumia jina moja kwa mambo tofauti, na tiba zake hazifanani.

Mtoto anayekoroma, analala mdomo wazi na masikio yanamsumbua mara kwa mara, mara nyingi ana nyama zilizokua nyuma kabisa ya pua, juu ya koo. Huwezi kuziona kwa kioo. Zenyewe hupungua kadiri mtoto anavyokua, na zikimzuia kupumua usingizini daktari huziondoa. Kuchoma mikunjo ya pua hakumsaidii mtoto huyo.

Mtu mzima anayeona kitu cha kijivu kinachong'aa, kama zabibu iliyomenywa, na akikigusa hasikii maumivu, huenda ana polipu. Mara nyingi mtu huyo amepoteza pia uwezo wa kunusa. Polipu hutibiwa kwa dawa na pengine kwa operesheni ya namna nyingine.

Na ziko dalili ambazo hazingoji hata wiki moja. Nenda kituo cha afya mara moja ikiwa:

- pua imeziba upande mmoja tu na inazidi kuziba;
- kamasi ina damu mara kwa mara;
- mtoto anatoa uchafu wenye harufu mbaya katika tundu moja (huenda ameingiza punje ya maharagwe au kifungo);
- sikio moja limeziba bila sababu na kuna uvimbe shingoni;
- jicho limevimba, linauma au unaona vitu viwili viwili;
- uso umekufa ganzi upande mmoja.

Usiruhusu mtu yeyote akuchome pua kabla dalili hizi hazijachunguzwa. Chini ya baadhi yake kuna saratani, na kuichelewesha ni hatari.

ANZA HAPA HAPA KAMBINI

Tiba ya kwanza ya mikunjo iliyovimba haihitaji safari.

Kwanza, kuosha pua kwa maji ya chumvi. Chemsha lita moja ya maji safi, uyaache yapoe mpaka yawe vuguvugu. Tia kijiko kimoja na nusu cha chai cha chumvi, kijiko kiwe kimesawazishwa, kisha koroga. Inama juu ya beseni, geuza kichwa pembeni, pumua kwa mdomo na umimine maji taratibu katika tundu la juu ukitumia bomba la sindano lisilo na sindano au chupa ndogo safi. Maji yatatokea tundu la pili. Fanya mara mbili kwa siku. Maji yaliyobaki hadi kesho yamwage, uchemshe mengine. Kamwe usitumie maji ambayo hayajachemshwa.

Pili, kupunguza moshi na vumbi. Pikia nje au penye upepo. Kausha kuni kabla ya kuzitumia. Anika godoro na blanketi juani. Nyunyiza maji kidogo sakafuni kabla ya kufagia.

Tatu, dawa ya kupuliza ya kupunguza uvimbe, kama vile budesonidi, beklometasoni au mometasoni. Budesonidi ya puani imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Dawa hizi hazifungui pua papo hapo, na hapo ndipo wengi hukosea. Hutumia chupa siku tatu, wakasema haifai, wakaitupa. Dawa hii hutumiwa kila siku, nayo huanza kuonyesha faida yake kamili baada ya wiki mbili hadi nne. Inamisha kichwa mbele kidogo. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na mkono wa kushoto kwa tundu la kulia, ili mdomo wa chupa uelekee nje upande wa sikio na si kwenye ukuta wa katikati. Puliza, vuta hewa polepole. Usivute kwa nguvu, maana dawa itaishia kooni.

Ukifanya haya yote kwa bidii kwa muda wa wiki sita hivi na pua ikabaki imeziba usiku na mchana, hapo sasa kuna sababu ya kuzungumza juu ya kuchoma.

KUCHOMA KWA UMEME NI KITU GANI?

Neno "umeme" huwatia watu hofu, na wana haki. Umeme wa nyumbani, ule wa REGIDESO, huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na ukimgusa mtu humtetemesha misuli na unaweza kuusimamisha moyo. Umeme wa mashine ya daktari huenda na kurudi mara laki kadhaa kwa sekunde. Kwa mwendo huo misuli na mishipa ya fahamu haiwahi kushtuka. Kinachobaki ni joto, tena mahali padogo tu, kwenye ncha ya chombo.

Jambo hili halikuanza jana. Mwaka 1891 mwanasayansi Mfaransa Arsène d'Arsonval alionyesha kwamba umeme wa mwendo wa kasi sana unaweza kupita mwilini bila kushtua misuli. Mwezi Oktoba 1926, mjini Boston, Marekani, daktari Harvey Cushing alitumia mashine iliyotengenezwa na William Bovie kumfanyia operesheni mgonjwa mwenye uvimbe kichwani. Mashine za leo katika vyumba vya operesheni ni wajukuu wa ile.

Kwa mikunjo ya pua kuna njia kuu tatu:

1. Kuchoma juu ya ngozi. Ncha ya chombo hupitishwa juu ya mkunjo na kuchora mstari mmoja au miwili. Ni njia rahisi, lakini inaunguza ngozi yenyewe, kwa hiyo makoko huwa mengi na hukaa muda mrefu.

2. Kuchoma chini ya ngozi. Sindano nyembamba huingizwa ndani ya mkunjo, na joto hutolewa huko ndani. Ngozi ya juu, ile inayofanya kazi ya kutia unyevu, huachwa salama zaidi.

3. Kutumia mawimbi ya redio. Nayo ni sindano chini ya ngozi, lakini joto lake ni dogo zaidi, kwa kawaida kati ya nyuzi 60 na 90. Maumivu na makoko huwa machache. Mashine yake ni ghali, wala haipatikani kila hospitali.

Katika njia zote hizi daktari hakati mkunjo na kuutupa. Nyama iliyochomwa ndani hugeuka kovu, kovu hujikunja, na mkunjo hupungua polepole kwa muda wa wiki kadhaa.

Kwa sababu hiyo yapo mambo ambayo kuchoma hakuwezi. Hakunyooshi ukuta wa katikati uliopinda. Hakupunguzi mfupa ikiwa mfupa ndio mkubwa. Hakuondoi mzio, hivyo chafya na kuwashwa vinaweza kuendelea. Na kwa baadhi ya watu, baada ya miaka, mikunjo huvimba tena, hasa wakirudia moshi na matone.

Daktari wa masikio, pua na koo, ambaye huku tunamwita daktari wa ORL, ana njia rahisi ya kupima. Hutia dawa ya kubana mishipa, hungoja dakika chache, hutazama tena. Mkunjo ukinywea, uvimbe ni wa nyama laini na kuchoma kunaweza kusaidia. Usiponywea, sababu ni nyingine.

SAFARI YA BUJUMBURA

Madaktari wa ORL ni wachache Burundi, na wengi wao wako Bujumbura. Kwa hiyo njia sahihi huanzia kituo cha afya cha kambi: unachunguzwa, unatibiwa kwanza, na ikishindikana unaandikiwa transferi. Usisafiri bila karatasi ya transferi, ruhusa ya kutoka kambini na kadi yako ya mkimbizi.

Tuseme ukweli. Pua iliyoziba inachosha, lakini si dharura. Rufaa za HCR na mashirika yanayoshirikiana nayo hutanguliza mama mwenye uzazi mgumu, mtoto mahututi na aliyevunjika mfupa. Huenda ukangoja. Tumia muda huo kufuata tiba ya kambini bila kuruka siku. Kuna wanaofika mbele ya daktari wa ORL wakiwa tayari wamepata nafuu, wakarudi bila kuchomwa. Hao hawakupoteza safari.

Sasa tuseme umepata transferi, na una dada anayeishi Kibenga, kusini mwa jiji karibu na ziwa, ambaye amekubali kukupokea. Hospitali ya Chuo Kikuu, ile watu wanayoiita Roi Khaled, iko Kamenge, upande wa kaskazini. Hospitali ya Prince Régent Charles iko katikati ya mji. Ukiwa Kibenga, safari ya kwenda Kamenge ni ya kuvuka jiji zima. Soma kwenye transferi umepelekwa hospitali gani, na uondoke alfajiri.

SIKU YENYEWE

Kabla ya siku hiyo mwambie daktari kila kitu: mimba, shinikizo la damu, kisukari, ugonjwa wa ini, kama ukijikata damu huchelewa kukoma, kama una kifaa cha moyo au chuma mwilini, dawa zote unazotumia pamoja na miti shamba. Aspirini na dawa zinazofanana nayo huongeza damu kutoka, daktari atakuambia uziache lini. Kama unatumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI, usiziache, na usione haya kumweleza.

Vua pete, hereni na mkufu. Katika baadhi ya mashine utabandikwa bamba la mpira pajani ili umeme upate njia ya kurudi. Bamba lishike vizuri pande zote, na kama unahisi linakuunguza, sema mara moja.

Mara nyingi hulali usingizi wa dawa. Pamba yenye dawa ya ganzi huwekwa puani, kisha hupigwa sindano ndogo ya ganzi. Moyo unaweza kwenda mbio kwa dakika chache kwa sababu ya dawa iliyochanganywa na ganzi, halafu hutulia. Utasikia mlio wa mashine na harufu ya kuungua, lakini maumivu makali usiyasikie. Ukiyasikia, inua mkono. Kazi yenyewe huchukua kama dakika 10 hadi 20 kwa pande zote mbili.

UKIWA KIBENGA BAADA YA KUCHOMWA

Hapa ndipo wengi huvunjika moyo. Wiki ya kwanza pua huziba kuliko kabla. Mkunjo uliochomwa huvimba kwanza, ndipo unywee. Makoko hutokea na kukaa wiki moja hadi tatu, pengine zaidi. Usiseme "wameniharibia." Matokeo hupimwa baada ya wiki nne hadi nane.

Kama inawezekana, usipande gari la kurudi kambini kesho yake. Damu inaweza kutoka siku kadhaa baadaye, makoko yanapobanduka, na ni afadhali wakati huo uwe karibu na hospitali. Kaa kwa dada yako kama wiki moja, au kama daktari atakavyokuambia.

Katika siku hizo:

- Osha pua kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa mara tatu au nne kwa siku. Ziwa liko karibu, lakini maji ya ziwa usiyatie puani hata yakionekana maangavu.
- Usipenge kamasi kwa nguvu kwa wiki mbili. Ukipiga chafya, fungua mdomo.
- Usibandue makoko kwa kidole. Yataanguka yenyewe.
- Dada akikaanga ndagala kwenye mbabula, wewe kaa upande upepo unakotoka. Moshi na kidonda cha pua havipatani.
- Lala kichwa kikiwa juu kidogo. Usinyanyue gunia wala ndoo kubwa kwa wiki moja hadi mbili.
- Usivute sigara. Pombe nayo iache mpaka kidonda kipone.
- Kwa maumivu tumia parasetamoli. Aspirini usiitumie.

Damu ikitoka: keti, inamisha kichwa mbele, si nyuma. Bana sehemu laini ya pua kwa vidole viwili, pumua kwa mdomo, ushikilie dakika 10 hadi 15 bila kuachia kuchungulia. Damu inayoingia mdomoni iteme. Ikiwa haijakoma baada ya hapo, au inatoka nyingi, nenda hospitali hata kama ni usiku.

Homa nayo usiipuuze. Inaweza kuwa kidonda kimeingia vijidudu, na inaweza kuwa malaria tu iliyokukuta wakati huo. Pima, usikisie.

Ukirudi kambini, peleka karatasi ya hospitali kwenye kituo cha afya. Daktari akitazama tena baada ya wiki chache anaweza kuona kama mkunjo umeshikana na ukuta wa katikati, jambo ambalo hutokea mara moja moja na hurekebishwa mapema kwa urahisi.

WASEMAYO WATU, NA UKWELI

"Wakichoma nyama yote, haitarudi tena." Si kweli kwamba kuondoa yote ni tiba. Daktari mzuri huchoma kidogo na kuacha mkunjo ufanye kazi yake.

"Fundi wa kijijini anaweza kuchoma kwa chuma cha moto." Hapana. Chuma cha moto hakina kipimo. Kinaweza kutoboa ukuta wa pua na kuacha makovu yanayoziba tundu kabisa.

"Mtoto anayekoroma akatwe kilimi." Kilimi, wengine husema kimeo, hakihusiani na pua iliyoziba. Kukikata kwa wembe kumeleta kutokwa damu, pepopunda na vifo vya watoto. Mpeleke mtoto kituo cha afya.

"Umeme wa puani hupanda kwenye ubongo." Joto la chombo hubaki kwenye ncha yake, ndani ya mkunjo.

"Ukichomwa mara moja, umemaliza." Kama hujaacha moshi na matone, hujamaliza.

MASWALI YA KUMWULIZA DAKTARI

Yaandike kwenye karatasi, au mwombe mtoto wako anayesoma akuandikie. Kama lugha inakusumbua, omba mkalimani. Usitie sahihi wala kidole kwenye karatasi usiyoielewa.

1. Nina ugonjwa gani hasa: mzio, mikunjo, polipu, au ukuta uliopinda?
2. Je, kuna dawa ambayo bado sijaijaribu kwa muda wa kutosha?
3. Utatumia njia gani, na utachoma kiasi gani?
4. Nani analipa, na nitatakiwa kulipa nini mwenyewe?
5. Nirudi lini kuangaliwa, na nikitokwa damu usiku niende wapi?

KUMBUKA

Nyama uliyoiona kwenye kioo ni kiungo chako. Iliumbwa ikulinde na vumbi la barabara na baridi ya asubuhi. Ikivimba, tafuta kwanza kinachoivimbisha. Chupa ya matone, moshi wa jikoni na blanketi lenye vumbi viko nyumbani kwako, na kuvishughulikia hakukugharimu mbuzi. Ukifika mahali pa kuchomwa, uwe umeandikiwa na daktari, ichomwe kidogo, na uwe na subira ya wiki kadhaa.

Mwenye jirani anayelala na chupa ya matone chini ya mto, amsomee ukurasa huu leo jioni.